Mafuta ya Breki Si Mafuta

"Bosi, masta inavuja mafuta, raba zimekufa. Tukibadilisha itabidi tutoe upepo."

Mwenye gari yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuambiwa maneno hayo leo kabla ya adhuhuri, naye akayaelewa. Kwa mpenda lugha ni kauli tamu. Bosi, masta na raba zimetoka kwa Waingereza. Badilisha na bidi zimekuja na Waarabu. Vuja, mafuta, kufa na upepo ni mali yetu ya Kibantu. Fundi amezishona zote kwa sarufi moja, wala mshono hauonekani.

Hata hivyo, ndani ya kauli hiyo limo jina la uongo, na uongo wake unaharibu breki. Lipo pia neno jingine ambalo fundi hakulitaja, nalo hujitokeza gazetini gari likishapinduka. Hayo mawili ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Katikati yake kuna maneno mengine yanayostahili kupimwa, na ninayaweka mbele yako, msomaji, kwa kuwa lugha hii ni dhamana yako kama ilivyo yangu.

Tuanze na mafuta. Ni neno kongwe lenye ndugu wengi: Wazulu husema amafutha, wasemaji wa Lingala husema mafuta kama sisi. Kwetu lina tumbo pana. Kuna mafuta ya nazi, ya taa, ya kupikia, ya kujipaka, ya mnyama, na yale ya kituoni tunayolipa kwa lita. Kinachoyaweka yote katika ukoo mmoja ni sifa mbili ambazo kila mtoto anazijua: mafuta huteleza, na mafuta hayachangamani na maji.

Kile kilichomo kwenye kopo la breki kinateleza, kweli. Sifa ya pili hakina kabisa. DOT 3 na DOT 4 ni jamii ya glikoli, na glikoli na maji hupatana mno. Ukimwagia maji mahali palipovuja, panasafishika. Ukiacha kopo wazi, kitu hicho kinavuta unyevu kutoka hewani hadi kinapoteza nguvu yake: DOT 4 ikiwa kavu huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Mafuta gani yanakunywa maji namna hiyo?

Lau jina hili lingekuwa na kosa la wanazuoni tu, ningelipita. Raba za breki zimetengenezwa zivumilie glikoli. Zikiguswa na mafuta ya injini, dizeli au petroli hufura na kulegea, midomo yake huharibika, na mfumo mzima huanza kuvuja kuanzia juu hadi kwenye magurudumu. Sasa mfikirie dereva aliyeambiwa "mafuta ya breki yamepungua", naye ana kopo la oili ya injini kwenye buti. Anamimina. Amefanya kile jina lilichomwagiza afanye. Kilichokuwa tone kwenye gurudumu moja kinageuka kazi ya kufungua breki zote nne, kuosha mirija yote na kununua kila raba upya.

Jina halikuzaliwa likiwa la uongo, na hapo ndipo historia ya maneno inaponoga. Gari la abiria linalotajwa kuwa la kwanza kuuzwa likiwa na breki za majimaji kwenye magurudumu yote manne ni Duesenberg Model A ya Marekani, mwaka 1921. Katika miongo ile ya mwanzo, kilichotiwa kwenye breki za namna hiyo kilikuwa mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, au mbono kwa wengine. Ndiyo yaleyale yanayonywewa kuendesha tumbo. Enzi hiyo mtu akisema mafuta ya breki alikuwa anasema kweli tupu. Kilichomo ndani kimebadilika, jina limebaki pale pale.

Haki itendeke pia kwa Citroën za zamani zenye majimaji ya kijani. Yale ni mafuta hasa, ya madini, na kwayo glikoli ndiyo sumu. Kwa hiyo neno mafuta tusilitupe jalalani. Tulirudishe linakostahili.

Badala yake tuseme nini? Baadhi ya watu husema maji ya breki. Jina ni jepesi, lakini linamtoa dereva kwenye shimo moja na kumtumbukiza kwenye jingine, maana gari tayari lina maji ya rejeta na maji ya betri, na mtu anayezoea kujaza hayo hatasita mbele ya kopo la tatu.

Kuna neno lililonivuta kwa muda mrefu: dawa. Kiswahili huita dawa kila kilichochanganywa kwa ustadi ili kifanye kazi maalumu, ndiyo maana tuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. Dawa ya breki ingekuja na adabu yake: haichanganywi ovyo, ina lebo, ikikaa wazi inaharibika. Nimelikataa kwa sababu moja. Dawa huponya, na dereva ataona kwamba akiongeza dawa gari limepona, ilhali kuongeza hakuzibi popote.

Wanasayansi wetu wametupa ugiligili. Sauti yake ni nzuri, unalisikia likitembea. Tatizo ni upana wake, kwani ugiligili hukusanya majimaji pamoja na gesi, na ndani ya mrija wa breki gesi ni adui. Jina linalomkaribisha adui halifai mlangoni. Kimiminika nalo ni sahihi, na watoto wa shule za msingi Tanzania wanalijua vizuri kutoka somo la sayansi, likiwa kati ya yabisi na gesi. Ila limejengwa juu ya kumimina, na kazi ya kitu hiki inafanyika baada ya kumimina, kikiwa kimefungiwa gizani na kubanwa.

Mimi nasimama na kiowevu. Ni la ukoo wa kulowa, ni fupi kiasi cha kutamkika kaunta penye foleni, halikumbushi chakula wala kituo cha mafuta. Kiowevu cha breki. Litamke mara mbili uone linavyokaa mdomoni. Waagizaji wa bidhaa hizi wakichapa lebo moja ya Kiswahili kwenye chupa, ningependa iwe hiyo, na chini yake sentensi ya pili: usitie mafuta.

Kwenye kaunta yenyewe, hata hivyo, wengi wameshayakwepa majina yote, wanaagiza kwa herufi na namba: nipe DOT 3, nipe DOT 4. DOT ni kifupisho cha Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, iliyoweka viwango hivyo. Kwetu neno hilo limekuta mwenyeji, maana doti ni jozi ya khanga, na anayeomba doti tatu Kariakoo anaweza kuoneshwa mitaa miwili tofauti. Herufi hizo zina mtego wa kweli, nao uko kwenye namba. DOT 5 ni silikoni, haichangamani na zile nyingine. DOT 5.1 ni glikoli, ndugu wa DOT 4. Nukta na moja vimetenga koo mbili! Nani aliyetoa majina hayo bila kumfikiria muuza duka? Kwa Kiswahili tuongeze ukoo waziwazi: kiowevu cha glikoli, kiowevu cha silikoni. Namba ifuate nyuma.

Sasa vuja, neno ambalo sitaki liguswe. Lina umri, na limeona mengi. Siri huvuja, mtihani huvuja, paa huvuja, jahazi huvuja na mabaharia wakafua maji. Wahenga walikwisha kuona hata uvujaji wenye heri: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Breki haimo katika msemo huo. Kadiri inavyovuja ndivyo mzigo unavyomzidi mchukuzi.

Ila uzuri mkubwa wa vuja hauko kwenye shina. Uko kwenye kile kinachotangulia. Kiswahili kina mahali pa namna tatu: ku-, pa- na m-. Kunavuja, panavuja, mnavuja. Yapo mataifa yanayohitaji sentensi nzima ili kueleza tofauti ambayo sisi tunaibeba kwa silabi moja, na tofauti hiyo ndiyo ramani nzima ya kutafuta uvujaji wa breki.

Mtazame fundi akianza. Dereva amelalamika kwamba breki inakwenda chini na kopo limepungua. Fundi anazunguka gari, anainama, anaona weusi wa unyevu ubavuni mwa tairi la nyuma kushoto, upande wa ndani. Anasema: "Huku nyuma kunavuja." Ku-, eneo, bado hajui wapi. Anapiga jeki, anaweka stendi, anang'oa gurudumu na ngoma ya breki. Anaushika mpira mdogo unaokinga vumbi ubavuni mwa silinda ya gurudumu, anaufunua ukingo wake kwa ncha ya bisibisi, na kiowevu kilichojikusanya nyuma yake kinamtiririkia kidoleni. Anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: chepesi, kinateleza, hakina weusi wa oili ya injini wala unene wa grisi ya ekseli. Sasa anasema: "Hapa panavuja." Pa-, mahali hasa, panapoguswa kwa kidole. Kazi yote ya uchunguzi ilikuwa kutoka ku- kwenda pa-.

Iko siku pa- haipatikani. Magurudumu yote makavu, mirija mikavu, kopo limejaa, na bado ukikanyaga breki na kushikilia mguu bila kuuondoa, kanyagio linazama polepole kuelekea sakafuni. Hapo fundi mzoefu anajua kiowevu kinapita ubavuni mwa raba ndani ya silinda ya juu, kinarudi kilikotoka, hakitoki nje hata tone. Neno lake ni mnavuja. Nimewasikia watu wakiita hali hiyo "uvujaji wa ndani", na si kosa, lakini m- imeshalisema. Tuwafundishe hivyo wanagenzi wa vyuo vya ufundi vya VETA na wa chini ya miembe pia: kunavuja, tafuta, panavuja, badilisha, mnavuja, fungua silinda.

Vuja halina viwango, na fundi anavihitaji. Napendekeza vitatu, vyote kutoka kabati letu wenyewe. Jasho, pale chuma kinapolowa bila kitu kudondoka. Tone, pale panapodondoka. Mchirizi, pale mstari unapojichora ukutani mwa tairi. "Silinda ina jasho" na "silinda ina mchirizi" ni habari mbili tofauti kwa fundi anayetafuta chanzo. Kwenye breki jawabu la zote tatu ni moja, usiendeshe kabla hapajatengenezwa. Tofauti yake ni ya kumwambia fundi atazame wapi.

Kupungua si kuvuja, na haya yanachanganywa kila siku. Pedi zikilika, pistoni husogea mbele zaidi na kiowevu hushuka kuzijazia nafasi, kwa hiyo kopo linapungua ingawa hakuna kilichotoka nje. Kiswahili kimelitenga jambo hili vizuri. Wenye haraka ndio wanaolichanganya. Ukiambiwa imepungua, uliza kwanza pedi zina unene gani.

Kitenzi kimoja kidogo kisisahaulike: kubabua. Kiowevu cha breki kikidondokea rangi ya gari, kinaibabua. Hakuna neno lililo karibu zaidi na lile linalotokea.

Mpira ndio unaonikosesha usingizi. Mpira ni utomvu, ni kandanda, ni bomba la kumwagilia bustani. Kwenye breki ni vitu vitatu: mrija laini unaoungana na gurudumu ili liweze kukata kona, kifuniko cha vumbi cha silinda, na kile kipete cha ndani kinachozuia kiowevu kisipite. Mteja anatumwa dukani na neno moja, "mpira wa breki umekufa", anarudi na kitu kisichohusika, nauli imekwenda. Tugawe urithi huu. Mrija laini ubaki kuwa mpira wa breki, kwa sababu umma umeshaamua hivyo. Cha vumbi kiwe kikingavumbi. Yale mabomba membamba ya chuma yanayopita chini ya gari, ambayo mafundi huyaita paipu, tuyaite mirija. Unene wake ni milimita tano hivi, na bomba ni jina kubwa mno kwa kitu hicho. Bomba lenyewe ni la Wareno, na limeshachoka kubeba maji, sindano na pampu.

Na kile kipete? Baadhi ya wafasiri hukimbilia muhuri, kwa kuwa Mwingereza anatumia neno moja kwa muhuri wa ofisi na kwa kizuizi cha majimaji. Muhuri hauzuii majimaji. Raba linatosha gereji, ingawa raba ni viatu pia. Mimi nakiita kikombe, kwa kuwa ukikishika mkononi ndivyo kilivyo: kijikombe cha mpira chenye mdomo mwembamba unaotazama upande wa shinikizo. Mguu ukikanyaga, shinikizo huingia kikombeni na kuupanua mdomo ubane ukuta wa silinda. Kadiri unavyokanyaga ndivyo kinavyoziba. Mdomo ukichanika au ukuta ukiota kutu, kikombe kinavuja, na hapo kila mtu ameona kwa macho ya akili kilichotokea.

Masta ni kifupi cha masta silinda. Waingereza wamejenga majina yake juu ya bwana na mtumwa, na kwenye klachi silinda ya chini bado inaitwa mtumwa. Sioni sababu ya pwani yenye Bagamoyo na Mkunazini ya Zanzibar, walikopitishwa watumwa, kuyarithi majina hayo kwa ajili ya vyuma. Kiswahili kina njia yake ya kusema kilicho kikuu na vinavyokitegemea: kampuni mama, kampuni tanzu. Basi silinda mama iliyo juu karibu na kanyagio, na silinda tanzu zilizo magurudumuni. Silinda yenyewe tuiache. Mcheduara wa vitabu vya hesabu ni neno zuri la umbo, na libaki kwenye maumbo.

Tangu miaka ya 1960 magari yalianza kugawiwa silinda mama yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukivuja mwingine usimamishe gari, ijapokuwa kwa umbali mrefu zaidi. Vitabu huita kila upande mzunguko. Kiowevu cha breki hakizunguki! Kinakaa palepale, kinapokea msukumo wa mguu na kuupeleka mbele, kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Mzunguko ni wa damu na wa maji ya rejeta. Hapa tuseme tawi. Tawi moja limevuja, jingine zima.

Kanyagio nimelitumia hapo juu bila kuliombea ruhusa. Pedeli tuiachie baiskeli.

Kuhusu kutafuta chanzo, gereji zimetutangulia sote. Fundi hasemi hitilafu, anasema ugonjwa: "ugonjwa wa gari hizi ni masta." Gari likitengemaa, limepona. Ukoo huo wa maneno unastahili kitenzi chake, na kimoja kipo, kuagua, kazi ya mganga anayetafuta chanzo kisha akatibu. Nimekipima na kukiweka kando, kwa kuwa kuagua kunaruhusu kupiga ramli, na breki haipigiwi ramli. Kubaini ni bora: kufanya jambo liwe bayana, lionekane. Mtu aliyebaini anaweza kukuonesha kidole chake kilicholowa.

Upande wa tiba ndipo methali inapotupoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumelelewa hivyo, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kuziba. Breki haizibwi. Gundi, sabuni, utepe, kulehemu, yote hayo hushindwa mguu unapokanyaga kwa nguvu, kwa kuwa shinikizo ndani ya mrija ni kubwa mara nyingi kuliko la tairi. Njiani hutokea mrija wa gurudumu moja ukapigwa nyundo na kukunjwa ili gari lifike mjini. Huko ni kulinyima gurudumu breki, na kusiitwe matengenezo. Kwenye breki kutengeneza maana yake ni kubadilisha: kikombe, silinda, mpira, mrija, na viatu vya breki vilivyokwisha kulowa, kwa kuwa havishiki tena sawasawa hata vikifutwa. Fundi akikuambia "nimeziba", mrudishe chini ya gari.

Inabaki kutoa upepo, na hapa nafurahi waziwazi. Mwingereza huita kazi hii kutoa damu. Sisi tunajua kutoa damu ni nini. Tuna kuumika, tuna chuku, na mafundi wetu wangeweza kufasiri neno kwa neno. Hawakufasiri. Walitazama kazi yenyewe wakaona kwamba lengo ni upepo utoke, na kiowevu kinachomwagika ni gharama tu. Jina letu linataja adui. Hakuna kamati iliyoketi, na hakuna kamati ingefanya vizuri zaidi.

Mtu makini atauliza kama ni upepo au hewa. Upepo huvuma, hewa hutulia, na kwa kipimo hicho mrijani kuna hewa. Lakini tairi nalo hujazwa upepo tangu babu zetu wapande baiskeli, kwa hiyo upepo ni hewa iliyofungiwa, na matumizi yana haki yake. Kwa kilichomo ndani ya mrija naongeza kiputo. Kiowevu hakibonyei, kiputo kinabonyea, ndiyo sababu kanyagio linakuwa kama sponji. "Bado kuna viputo" ni sentensi fupi inayoeleza kwa nini zamu nyingine inahitajika.

Kazi hiyo ni ya watu wawili, na maneno yake matatu nayapenda kuliko yote. Mwanagenzi yuko kwenye kiti, fundi kalala chini na spana kwenye skrubu ndogo yenye tundu, mrija wa plastiki umechovya chupani. "Kanyaga, kanyaga, kanyaga... shikilia!" Fundi analegeza, viputo vinatoka, anakaza. "Achia." Sikiliza shikilia. Shika tu haingetosha. Ile -ilia inaongeza kudumu, kutoachia hata kanyagio likizama. Likiachiwa kabla skrubu haijakazwa, upepo unafyonzwa ndani tena na kazi imerudi mwanzo. Mnyambuliko umebeba kanuni ya ufundi. Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda mama, ambalo kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto, na kopo huongezwa kila baada ya muda lisikauke.

Kwenye malori maana inageuka kabisa. Breki za upepo! Huko upepo ndio mfanyakazi, na ukivuja ndipo taabu inapoanza. Upepo uleule ni adui kwenye gari dogo na nguvu kwenye lori, na Kiswahili hakikuona haja ya kubadili jina lake, kimebadili kitenzi: kwenye gari dogo tunautoa, kwenye lori tunaujaza.

Nimefika kwenye neno ambalo fundi hakulitaja. Kufeli. Lori limeshuka mteremko wa Kitonga, au wa Salgaa kule Kenya, limeua, na kesho yake tunasoma: "breki zilifeli." Neno la chumba cha mtihani limewekwa kwenye chuma, na chuma ndicho kilichopata sifuri. Dereva hayumo katika sentensi hiyo, mwenye gari hayumo, aliyepitisha ukaguzi hayumo. Kiswahili hakijawahi kuwa lugha ya kuficha mtenda kiasi hicho.

Tena kufeli hakusemi chochote. Breki zilizovuja zina historia ya jasho na tone ambayo mtu angeweza kuiona. Breki zilizochemka, kwa sababu kiowevu kilinywa maji miaka mingi na mteremko ukakipandisha joto, zina historia nyingine. Zilizoisha, kwa maana ya pedi na viatu, nyingine tena. Zilizoishiwa upepo ni za lori. Vitenzi hivyo vinne vyote tunavyo, vifupi, vinajulikana hadi kijijini, na kila kimoja kinamwelekeza mkaguzi kwenye kopo, kwenye mrija au kwenye daftari la matengenezo.

Ninawaomba wahariri wa magazeti na redio, wa Tanzania na wa Kenya, waliondoe kufeli kwenye habari za breki. Mwandishi akileta taarifa hiyo mezani, mrudisheni kwa mkaguzi na swali moja kabla haijachapwa: zilivuja, zilichemka, ziliisha, au ziliishiwa upepo?